Kuku Wangu, Uwanja wa Jirani

Viwanja vingi vya Kibaha, Mkuranga na Chanika havina ukuta. Mpaka ni mstari wa michongoma, shina la mwembe, au neno tu walilokubaliana wazee. Watu wanauheshimu mpaka huo, kuku hawaujui. Banda likifunguliwa saa 12 asubuhi, jogoo anatoka kwanza, anajikung'uta, anapiga mabawa na kuwika, kisha kundi zima linaelekea kwa jirani. Huko ndiko kulikooshwa masufuria ya jana usiku, na makoko ya wali bado yamelala chini ya karo. Wakati huohuo kuku wa jirani wameshavuka kuja huku, wanaparua chini ya mpapai.

Mimi ni mfugaji wa uani, na wengi wanaonizunguka ni wafugaji wa aina hiyo: kuku 8 hapa, 15 pale, bibi mwenye koo 3 na vifaranga wake. Kila kuku ana mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Lakini kuku hao wanakunywa dimbwi moja na kuparua jalala moja, na majogoo wa nyumba hii wanapanda mitetea wa nyumba ile. Ukitazama vizuri utaona kwamba mtaa mzima unafuga kundi moja. Tunalisahau jambo hili tunaponunua chakula, tunapojenga banda, na hasa tunapofikiria chanjo, ambapo kila mmoja wetu hujifungia kwake na kuwaza kuku wake peke yake. Naamini kosa hilo linatuulia kuku wengi kuliko mwewe na kicheche kwa pamoja.

Asiyefuga hushangaa jinsi mama mwenye nyumba anavyosimama mlangoni jioni, akawatazama kuku 30 wa nyumba 4 waliochanganyika, na kujua hapohapo kwamba yule mwekundu wa miguu ya manjano hajarudi. Anawajua kwa rangi, kwa mwendo, hata kwa sauti. Wanaofanana huwekewa alama: kipande cha kanga kinachofungwa kwenye bawa, uzi mguuni, ukucha mmoja uliokatwa. Kuku aliyenunuliwa jana hufungwa kamba karibu na banda siku kadhaa mpaka apazoee, na ndiyo maana wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Kuna sheria ambazo hazikuandikwa popote. Yai likikutwa kwenye kichaka cha jirani linarudishwa, na anayelirudisha mara nyingi huambiwa alichukue akawakaangie watoto. Tuta la mchicha likiparuliwa, mwenye kuku anaomba radhi siku hiyohiyo, asingoje kuitwa. Ugomvi ukizidi unafika kwa mjumbe. Nimeona majirani wakinuniana mwezi mzima kwa ajili ya kuku aliyeatamia kwenye kuni za mwenzake na kuondoka na vifaranga 9: ni wa nani, wa mwenye koo au wa aliyemlisha siku 21? Mtaani kwetu hukumu ilikuwa kugawana, na ilikuwa ya haki. Hata pasipo ugomvi, ubia wa namna hii ni wa zamani. Unampa shoga yako mtetea, anamtunza, akishaangua mnagawana vifaranga, na mtu asiye na senti ya mtaji anaanza kufuga.

Lakini kuku akitaga kwa jirani, mara nyingi ni kwa sababu kwako hakuona pa kutagia. Mtetea anatafuta sehemu yenye giza kidogo, kavu, isiyopitwapitwa na watu. Mpe kapu kuukuu, ndoo iliyopasuka au boksi la mbao lenye majani makavu, liweke kwenye pembe ya banda juu kidogo ya ardhi, na umwachie yai moja kiotani kila unapookota mengine. Kiota kimoja kinatosha mitetea 4 au 5. Ni kazi ndogo sana, na inazuia ugomvi mwingi.

Saa na vyeo vya uani

Zamani wazee waliugawa usiku kwa majogoo. Msafiri aliondoka jogoo la kwanza. Anayekwenda shamba la karibu alingoja la pili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake: hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku na mchana, anawika karibu na muda wake. Mwaka 2015 wakaongeza jingine. Majogoo wakikaa pamoja, mwenye cheo kikubwa ndiye anayeanza, na wengine hufuata kwa ngazi zao. Mfugaji anayelala karibu na banda alikuwa akilisikia hilo kila alfajiri. Pora akijaribu kutangulia, kunakucha ana jeraha kichwani.

Vyeo hivyo havipo kwa majogoo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, aliandika jinsi kundi linavyojipanga kwa kudonoana: yupo anayewadonoa wote, yupo anayedonolewa na wote, na katikati kila mmoja anajua nani wa kumpisha. Mwenye kuku anafaidika akiliweka hili akilini. Ukimwaga pumba rundo moja, wakubwa wanashiba na yule mnyonge anabaki na vumbi, kisha unalaumu mbegu kwamba haikui. Mwaga sehemu 3 au 4 zilizo mbalimbali. Na ukimleta kuku mpya, mwingize bandani usiku wenzake wakiwa wamelala kwenye vichanja, awe amekwisha kutazamwa kwingine kwa wiki 2 kuhakikisha hana ugonjwa. Akikutwa katikati yao asubuhi, vita huwa vidogo.

Kuku hawa wana maumbile tofauti zaidi kuliko wageni wanavyodhani. Kuchi ni mrefu, shingo imesimama, kifua kipana, na jogoo wake ni mpiganaji asiyekubali kushindwa. Wanapendwa sana Kanda ya Ziwa na visiwani. Kishingo hana manyoya shingoni. Watoto humcheka, lakini maumbile hayo yanampunguzia manyoya ya mwili mzima kwa asilimia 20 hadi 40, kwa hiyo katika joto la Februari linalowafanya wenzake wahemee mdomo wazi, yeye anatembea. Kidimu naye ana manyoya yaliyojikunja kuelekea nje, na upepo unapenya. Wanaotaka kuwaondoa kundini kwa sababu hawapendezi wanatupa kitu kilichojaribiwa na jua la nchi hii kwa vizazi vingi.

Siku hizi chotara wameingia kwa nguvu: Kuroiler kutoka India, Sasso kutoka Ufaransa. Wanakua haraka na mtetea mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai 150 kwa mwaka, wakati wa kienyeji anayejitafutia uani anataga kati ya 40 na 60. Sina ugomvi nao. Wanaofuga kwa ajili ya soko wanajua hesabu zao. Ila chotara anataka chakula cha kununua kila siku, na hamu ya kuatamia kwake ni ndogo, hivyo kila ukitaka vifaranga inakubidi urudi kwenye mashine ya kuangulia au kwa wauzaji. Mama mwenye kuku 10 na asiye na umeme wa uhakika anamhitaji koo anayekaa juu ya mayai mpaka yaanguliwe.

Pesa ya mama

Ng'ombe akiuzwa, baba ndiye anayekwenda mnadani na baba ndiye anayerudi na hela. Kuku ni tofauti katika nyumba nyingi za Tanzania. Mama anamuuza mwenyewe, mlangoni kwake, bila kikao. Daftari, soksi za shule, nauli ya kwenda hospitali, mchango wa msiba, gesi iliyokata katikati ya mapishi: hayo yanamalizwa na jogoo mmoja aliyekamatwa alfajiri. Anayejua kusubiri huwatunza majogoo wake mpaka Idi na Krismasi, bei inapopanda. Mgeni wa heshima akija bila taarifa, mboga iko uani inatembea. Mwanamke akijifungua, supu ya kuku inachemshwa siku hiyohiyo na jirani, naye hangoji kuombwa.

Hapa nina neno langu. Tunauza mayai yote, tunawanunulia watoto vibiskuti. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini nzuri kabisa, na lipo hapo kwenye kapu. Zipo jamii ambazo mjamzito alikatazwa kula mayai, eti mtoto angezaliwa bila nywele, na firigisi ilikuwa ya baba au mgeni, mtoto asiiguse. Heshima kwa wageni tuiendeleze, lakini mjamzito na mtoto wa miaka 2 wapewe yai kwanza, yanayobaki ndiyo yapelekwe dukani.

Siku 21 na wiki 4

Katika mambo yote ya uani, linalonigusa zaidi ni koo anayeatamia. Anataga mayai 10 hadi 15, kisha siku moja unakuta amekaa kimya, manyoya yamevimba, ukimsogelea anatoa sauti ya chini ya hasira. Tangu hapo anatoka mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, anakunywa, anakula haraka, anaoga vumbi, anarudi. Anayageuza mayai kwa mdomo wake mchana na usiku. Anapungua uzito, kifua kinachongoka.

Kazi yetu ni kumrahisishia. Maji na punje za mahindi ziwe karibu na kiota, asilazimike kuzunguka mtaa. Majivu kidogo yanyunyiziwe chini ya majani kupunguza utitiri, kwa sababu koo anayenyonywa damu usiku kucha hulikimbia kapu siku ya 15 na mayai yote yanakuwa viza. Mayai ya kuatamiwa yasizidi siku 10 tangu yatagwe, yawe safi bila kuoshwa, na yasiwe yametoka kwenye friji. Yatie alama kwa mkaa, ili mitetea wengine wakija kutaga kiotani ujue yapi ya kuondoa. Siku ya 7 au ya 8, usiku, yapime kwa tochi ya simu kwenye chumba chenye giza: lililo hai linaonyesha mishipa myekundu iliyotandaa na doa jeusi katikati, lisilo na mbegu linang'aa tupu. Kuku wa kienyeji anamudu mayai 10 hadi 13. Ukimwekea 18 kwa tamaa, ya pembeni yanapoa kwa zamu, na mwisho unapata vifaranga wachache kuliko ungeweka 12.

Wapo wanaomzuia koo asiatamie ili arudi kutaga upesi. Wanamtumbukiza kwenye maji baridi, au wanampitisha unyoya kwenye matundu ya pua. Huo ni ukatili. Kama hutaki aatamie, mtoe kiotani umweke siku 4 au 5 kwenye kizimba chenye mwanga na hewa, chini pawe wavu, apewe chakula na maji. Hamu itamwisha.

Kisha vifaranga. Nusu yao, na pengine zaidi, hawafiki miezi 2 katika nyumba ambako koo anaachiwa atembee nao tangu siku ya kwanza. Sababu si fumbo. Koo anatoka nao alfajiri kwenye majani yenye umande, wanalowa, wanapigwa na baridi, wawili wanakufa kabla ya saa 4. Anawatembeza mpaka jalalani, wadogo wanachoka na kuachwa nyuma. Mvua inawakuta. Na juu angani yupo mwewe.

Wiki 4 za mwanzo wasitoke. Tenga la kusafirishia kuku, lile la fito lenye matundu, likifunikwa juu ya koo na wanawe kwenye kivuli linatosha mchana. Usiku wahamie ndani, chini pawe na maranda makavu. Maji yawekwe kwenye kisahani chenye kokoto, kwa sababu kifaranga wa siku 3 anazama kwenye sufuria. Chakula kiwe laini: chenga za mahindi, pumba zilizochekechwa, dagaa waliotwangwa. Pwani tuna machicha ya nazi kila siku jikoni, na kuku wanayapenda sana, ila yapewe yakiwa mabichi ya siku hiyo, kwani yakilala yanachacha. Kwa protini ya bure kuna mchwa. Jaza chungu kuukuu majani makavu na samadi yenye unyevunyevu, kipindue jioni juu ya tundu la mchwa, kesho yake asubuhi kifunue mbele ya vifaranga. Watawamaliza mchwa wote kabla hujarudisha kifuniko cha banda.

Baada ya wiki 4 vifaranga hawamhitaji tena mama yao kama wana joto na chakula. Watenge naye. Atalia siku 2, kisha atarudi kwa jogoo, na baada ya majuma machache anataga tena. Badala ya kuangua mara 2 au 3 kwa mwaka, anaweza kufika mara 4 au zaidi.

Mwewe ana adui mmoja, naye ni jicho la mtu, ndiyo maana kazi hiyo walipewa watoto na bibi. Wengine huwapaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi ili mwewe asiwatambue. Pwani tuna kunguru pia, tena wa kuletwa: aliingizwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, enzi za utawala wa Waingereza, kwa nia ya kusafisha takataka za mji. Akazaliana, akavuka kuja bara, na leo Dar es Salaam na vitongoji vyake vinamjua kama mwizi wa vifaranga na mayai. Kampeni za kumpunguza zimefanyika visiwani na bara, kwa mitego na kwa sumu, na bado yupo juu ya mabati yetu. Jalala lililo wazi ndilo linalomlisha. Mchana kuna kenge anayependa mayai na nguchiro anayependa kila kitu. Usiku kicheche, akipata tundu la ngumi moja kwenye banda, anaweza kuua kundi zima na kula kichwa kimoja. Banda lifungwe kabla ya magharibi kuingia.

Mdondo

Hayo yote, mwewe, kenge, baridi, yanachukua kuku mmoja mmoja. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, unachukua kundi.

Huja hasa kiangazi, upepo unapovuma na vumbi limejaa, kabla mvua za vuli hazijaanza. Wafugaji wengi wanaamini unaletwa na upepo wenyewe. Mara nyingi zaidi unaletwa na kuku. Singida na mikoa jirani inalisha Dar es Salaam kwa kuku wa kienyeji. Wachuuzi wanawakusanya kijiji kwa kijiji, wanawapanga kwenye matenga, wanawapakia juu ya mabasi na malori mpaka masoko ya Kisutu na Shekilango. Tenga moja lina kuku wa nyumba nyingi. Mmoja akiwa na kirusi, wanashuka wote nacho. Mtu ananunua wawili, anachinja mmoja, mwingine anamfungia kamba uani. Baada ya siku chache kuku wa nyumba ya tatu wanaanza kusinzia.

Dalili mfugaji anazijua kwa uchungu. Kinyesi cha kijani. Kuhema kwa shida, mdomo wazi. Mabawa yanaanguka, miguu inapooza, shingo inapinda mpaka kichwa kinatazama mgongoni. Wengine hawaonyeshi lolote. Jana walikula, leo wako chini ya kichanja. Katika kundi ambalo halikuchanjwa unaweza kuua 8 au 9 kati ya kila 10, na wakati mwingine wote. Nimewaona akina mama wakizika kuku wao na kukaa kimya kama waliofiwa, kwa sababu kilichozikwa ni ada ya shule ya muhula.

Ugonjwa huu ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Karne moja imepita na hauna dawa ya kuponya. Shubiri, pilipili na mwarobaini kwenye maji ya kunywa tumevirithi kwa wazee wetu, na sidharau maarifa yao, lakini havijawahi kuuzuia mdondo. Vidonge vya rangi mbili vya binadamu, ambavyo watu huvifungua na kuchanganya kwenye pumba, navyo havigusi kirusi. Vinaua bakteria tu, vinaacha mabaki kwenye mayai na nyama tunayowapa watoto, na vinawafundisha vijidudu vingine usugu.

Kinachofanya kazi ni tone moja kwenye jicho. Chanjo inayofaa uani inaitwa I-2. Mbegu yake ni kirusi kisicho na makali kilichofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na Profesa Peter Spradbrow na wenzake, waliotaka chanjo ya vijiji visivyo na umeme. Hapa kwetu inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, katika kituo chake cha Kibaha, na kwenye maduka ya dawa za mifugo inauzwa kwa jina la TEMEVAC. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, ingawa jua bado ni adui yake: ibebe kwenye kitambaa chenye maji, usiiache dirishani. Kifaranga na jogoo wa kilo 3 wanapewa tone lilelile moja, kwenye jicho moja, na linarudiwa kila baada ya miezi 3. Wachanjwe walio wazima tu, kwa kuwa aliyekwisha kuambukizwa tone halimsaidii.

Sasa tazama chupa yenyewe. Ndogo kabisa inatosha kuku 100 au zaidi, nawe una 12. Ukiinunua peke yako, umelipia matone 88 ya kumwaga. Watu wengi huishia hapo, wanaahirisha, na mwezi wa tisa unawakuta. Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayotuonyesha njia. Nyumba 10 zikichanga, kila moja inatoa pesa isiyofika bei ya yai moja kwa kila kuku. Tena tone kwenye jicho la kuku wangu lina thamani ndogo kama kuku wa jirani, wanaokunywa naye dimbwi moja, hawakupata. Vifaranga wangu walioanguliwa wiki iliyofuata hawana kinga, na kirusi kikishaingia kwa jirani, kwangu kitafika kesho. Mtaa ukichanjwa siku moja, kirusi hakipati pa kuanzia.

Kazi yenyewe inafanyika vizuri jioni, kuku wakishapanda vichanjani, au alfajiri kabla mabanda hayajafunguliwa. Vijana wawili wanatosha, mmoja wa kukamata na mmoja wa kudondosha. Wanapiga hodi, wanatoa shikamoo, mama mwenye nyumba anawaongoza na taa. Kuku anashikwa kwa utulivu, kichwa kinalazwa upande, tone linaanguka, wanangoja apepese jicho mara moja, anarudishwa. Kuku 12 ni kazi ya dakika chache. Katika vijiji kadhaa wapo wachanjaji waliofunzwa kutoka humohumo kijijini, wanaolipwa ujira mdogo kwa kila kuku, na wengi wao ni wanawake. Mpango huu unastahili kuenea mijini pia, kwa sababu Chanika na Mbagala zina kuku wengi kuliko maofisa mifugo wanavyoweza kuwafikia.

Magonjwa mengine yapo, ndui, Gumboro, kuhara damu, mafua, na kila mmoja una chanjo yake au matunzo yake. Ofisa mifugo wa kata ataeleza. Viroboto wanaoganda kuzunguka macho hukosa pumzi ukiwapaka mafuta ya mgando, mradi yasiingie jichoni. Banda likavu, lenye hewa, linalofagiliwa kila wiki, hupunguza nusu ya mashaka haya. Na kuku wasilale chumba kimoja na watoto, hata kama wezi wanasumbua. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwashika.

Mdondo ukishaingia mtaani, usimuuze mgonjwa wala usimpelekee ndugu kijijini kwa kumwokoa. Waliokufa wachomwe au wafukiwe shimo refu, pamoja na manyoya na matumbo. Vikitupwa jalalani, kuku wa watu wengine watavifuata.

Basi msomaji mwenye kuku, hata kama ni 3, wiki hii zungumza na majirani zako wa pande zote nne. Hesabuni kuku wenu kwa pamoja, changeni, mwagizeni mmoja akanunue chupa asubuhi na kuileta ikiwa imefungwa kitambaa kibichi, na jioni hiyohiyo mpite nyumba hadi nyumba mpaka ya mwisho, ikiwemo ya yule mliyenuniana naye. Halafu andikeni ukutani tarehe ya kurudia, miezi 3 mbele.